Vazi Lisilo na Uzito

Vazi la avata ni wavu, picha na mifupa. Wavu ni umbo lenyewe, lililoundwa kwa pembetatu ndogondogo zinazofuata mabega, kiuno na miguu ya mtu wa kwenye skrini. Picha ni ukurasa bapa wa rangi unaozungushiwa wavu huo mpaka uonekane pamba, ngozi au shaba. Mifupa imejificha ndani ya mwili wa avata, nayo ikisogea, wavu huvutwa pamoja nayo. Fundi aliyezielewa sehemu hizi tatu anaweza kumvika avata joho la mfalme ambaye hajawahi kuwako, mabawa ya mabati au taji la pembe za ng'ombe.

Kazi hii ilianza kwa picha peke yake. Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003, iliwapa wabunifu wake wa kwanza mwili mtupu na ukurasa wa kupaka rangi. Shati lilikuwa rangi juu ya ngozi, na mkunjo wa kitambaa ulikuwa kivuli kilichochorwa. Mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba mtu akibuni kitu ndani ya ulimwengu huo, haki miliki inabaki kwake. Uamuzi huo ulizaa soko la nguo lililowalisha mafundi wengi katika nchi mbalimbali. Mwaka 2011 ikaruhusiwa kuingiza nyavu zilizoundwa katika programu za nje, na mwishoni mwa 2016 mwili wa avata ukaongezewa mifupa ya vidole, uso, mkia na mabawa. Kwa mavazi ya kubuni, hatua hiyo ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu bawa lililokuwa limegandishwa mgongoni sasa liliweza kupiga hewa. Roblox, iliyofunguliwa mwaka 2006, inayo njia ya mkato kwa anayeanza: shati lake la kawaida ni picha moja ya pikseli 585 kwa 559, na linaweza kuchorwa kwa programu yoyote ya bure.

Linaloamua uzuri wa kazi, hata hivyo, halimo ndani ya programu. Kitambaa cha kompyuta hakina uzito, hakichakai na hakichaniki. Dalili zote za uzito, uchakavu na mshono zinatoka kwa mbunifu, na asiyewahi kuzishika kwa mkono atazikosea. Ndiyo maana sura hii inaanzia Laini Saba, kata ya Kibera (Kibra) jijini Nairobi, mahali ambapo kufumua, kukata na kuunga upya ni kazi ya kila siku.

Mahali pa kuokotea mawazo

Reli ya kwenda Kisumu inapita Kibera, na pembeni mwake kuna vibanda vya mafundi wa cherehani, wa viatu, wa redio na wa vyuma. Jirani ni soko la Toi, ambako marobota ya mitumba hufunguliwa na nguo bora, zinazoitwa kamera, huchaguliwa kwanza. Hali ni hiyohiyo Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi. Kwa mbunifu wa mavazi ya avata, koti kuukuu la mtumba ni kitabu cha kiada. Likifumuliwa linaonyesha vipande vyake: migongo miwili, vifua viwili, mkono uliokatwa vipande viwili ili kiwiko kipinde, kola yenye kitambaa kigumu ndani, na bitana iliyoachwa na nafasi kidogo ili mvaaji ainue mkono. Vipande hivyohivyo ndivyo vitakavyotandazwa baadaye kwenye skrini.

Kibera ina pia mafundi wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa kutoka machinjioni huchemshwa ili mafuta yatoke, hukatwa kwa msumeno, husuguliwa kwa msasa na kung'arishwa, na mwisho huwa kipuli, bangili au kifungo. Baadhi yao huchora juu yake kwa nta kabla ya kuutia rangi, na pale nta ilipokaa mfupa hubaki mweupe. Shaba ya mifereji ya maji na makufuli ya zamani huyeyushwa ikawa pete. Matairi hukatwa yakawa akala. Haya yote ni mavazi halisi ya watu halisi, lakini ndani yake mna kanuni ambayo mavazi ya kubuni hayawezi kuishi bila hiyo: kila kitu kilikuwa kitu kingine kabla ya kuvaliwa, na alama za maisha yake ya kwanza bado zinaonekana.

Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1984, ameifikisha kanuni hiyo mbali zaidi. Miwani yake aliyoiita C-Stunners huundwa kwa nyaya, vizibo na vyuma vilivyotupwa, na sura inayoivaa hugeuka kuwa ya kiumbe wa zama nyingine. Lakini miwani hiyo bado inalala juu ya pua na kushika masikio. Ugeni wake wote umesimama juu ya kiungo kimoja kinachofanya kazi sawasawa, na hapo pana somo ambalo wabunifu wengi wa kompyuta hulipuuza. Mtazamaji hukubali joka, pepo na roketi mgongoni, lakini hakubali mkanda usio na bizimu au ngao inayoelea sentimita mbili kutoka mkononi.

Mpiga picha Osborne Macharia, akishirikiana na mtaalamu wa mitindo Kevin Abbra na msanii wa vipodozi Valary Mdeizi, anaanzia kwingine. Yeye huanza na hadithi. Wazee na mabibi katika picha zake wamepewa maisha ya kubuni, na mavazi yao hufuata maisha hayo. Ndiyo njia salama zaidi ya kubuni seti ya avata. Kabla ya penseli kugusa karatasi, mbunifu aseme huyu ni nani, anafanya kazi gani, nyenzo gani zinapatikana anakoishi na ipi haipatikani kabisa. Mlinzi wa reli wa karne ijayo, katika mji usio na ngozi ya mnyama, atavaa matairi, turubai na nyaya za umeme. Masharti hayo machache yataamua rangi, mishono na hata namna viatu vinavyofungwa. Seti iliyobuniwa bila masharti huishia kuwa rundo la mapambo, miiba huku na vito kule, na masoko ya avata yamejaa mizigo ya aina hiyo.

Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 iliwaonyesha watu wengi jinsi kazi hiyo inavyoweza kwenda mbali. Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar mwaka 2019 kwa mavazi yake, alichukua kofia ya wanawake wa Kizulu iitwayo isicholo, na kwa ushirikiano na Julia Koerner ikawa taji la Malkia Ramonda lililochapwa kwa printa ya pande tatu. Taji lile lilikuwa wavu wa kompyuta kabla halijavaliwa na mwigizaji.

Kukata na kukunjua

Wavu ukishaundwa, katika Blender kwa mfano, programu isiyo na malipo ambayo imekuwa huria tangu 2002, hukatwa na kutandazwa ili picha iweze kuwekwa juu yake. Hapa fundi wa cherehani ana mwanzo mzuri kuliko mwanafunzi wa kompyuta. Kompyuta inauliza wavu ukatwe wapi, na jibu bora ni palepale mkasi ungepita: ubavuni, begani, ndani ya mkono, katikati ya mgongo. Mshono wa kompyuta ukiangukia mshono wa nguo, kasoro ndogo ya kuungana kwa picha hufichika. Ukiangukia katikati ya kifua, kila mtu ataiona. Ili kujua kama kipande kimenyooka vizuri, hupakwa kwanza picha ya miraba ya drafti. Miraba ikibaki sawa vazi zima, kitambaa kitakaa. Ikirefuka kiunoni, maua ya kitenge yatarefuka vilevile.

Kanga ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, na inafaa kuichunguza kwa makini kwa sababu matatizo yake yanafundisha karibu kila kitu kuhusu picha za nguo. Doti ya kanga ina vipande viwili, kila kimoja chenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini ya mji. Si kitambaa cha kujirudia kama kitenge, ambacho kipande kidogo cha picha kinaweza kurudiwa mara mia. Kila sehemu ya kanga ina mahali pake. Fundi anayeshona gauni la kanga hujua kwamba pindo litaenda kwenye upindo wa chini na ncha za mikono, na kwamba mji utakaa kifuani au mgongoni, basi hukata kwa kufuata hilo. Mbunifu wa avata afanye vivyo hivyo. Mzunguko wa chini wa sketi unyooshwe katika ukurasa wa picha uwe ukanda mmoja ulionyooka, hata kama sketi yenyewe imepanuka, la sivyo pindo litapindapinda. Mji upewe nafasi kubwa ya pikseli. Sehemu za ndani zisizoonekana zibanwe kwenye kona.

Kisha kuna jina. Ili kuokoa nafasi, wabunifu wengi hutandaza nusu moja tu ya vazi na kuitumia picha hiyohiyo kwa nusu ya pili, ikigeuzwa kama kwenye kioo. Kwa koti la rangi moja ni hila nzuri. Kwa kanga ni aibu, kwa sababu jina litasomeka kinyumenyume upande mmoja. Kipande chenye maandishi lazima kitandazwe kizima. Gharama yake ni ukubwa wa picha, na ukubwa wa picha una bei. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 4 za kumbukumbu, na ya 2048 kwa 2048 huchukua 16. Mchezaji mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku moja hawezi kubeba avata kumi zilizovaa hivyo.

Shanga zina hesabu yake. Chukua mkufu wa shanga 200. Tufe la kawaida la kompyuta, lenye migawanyo 16 kuzunguka na 8 kwenda juu, lina pembetatu 224. Mkufu mzima utafika 44,800, wakati Roblox huruhusu pembetatu 4,000 kwa pambo moja. Ushanga ukijengwa kwa pembetatu 8 tu, kama almasi yenye ncha sita, mkufu utashuka hadi 1,600, na mwanga ukilainishwa juu ya nyuso hizo, macho yatauona mviringo hatua mbili tu kutoka hapo. Kwa ukosi mpana wa Kimaasai wenye mistari mingi ya shanga hata hesabu hiyo haisaidii. Hapo ukosi huundwa kuwa sahani bapa yenye mwinuko kidogo, shanga zikachorwa ndani ya picha, na picha ya pili ikaeleza mabonde na vilima ili mwanga uzipige kana kwamba zimevimba. Mstari wa nje peke yake ndio upewe shanga za kweli, maana ukingo ndio unaomsaliti fundi anapotazamwa kutoka ubavuni.

Mifupa na kitambaa

Wavu hufungwa kwenye mifupa ya avata kwa kuipa kila nukta yake sehemu ya utii. Nukta ya kiwiko inaweza kutii mkono wa juu kwa nusu na wa chini kwa nusu. Mgao huo ukikosewa, kwapa huporomoka avata anapoinua mkono, na sketi hupasuka kati ya miguu anapotembea. Sketi ndefu inahitaji subira. Juu, nukta zake zitii nyonga peke yake. Kadiri zinavyoshuka, mapaja yapewe sauti kidogokidogo, na zile za katikati zigawanywe kwa miguu yote miwili. Mavazi ya kujifunga, kama leso au gurbaba ya wanawake wa Kinubi, ni magumu zaidi kwa sababu upande mmoja umelala juu ya mwingine. Ncha ya juu ifuate mguu mmoja tu, na ngozi ya miguu iliyofichwa chini izimwe kabisa isije ikatoboa kitambaa.

Vitu vigumu vinafuata sheria tofauti. Kipande cha mfupa, sahani ya chuma au kizibo cha chupa hakipindi, kwa hiyo nukta zake zote zitii mfupa mmoja. Kosa la kuyapa mabega ya vita utii wa mkono wa juu linaonekana kila mahali: avata akipunga mkono, chuma kinajinyonga kama mpira. Pedi ya bega ikifungwa kwenye mtulinga, hutulia.

Vichwa vimeonewa kwa muda mrefu. Kofia na taji nyingi zimepimwa kwa nywele zilizolala, na zikivikwa avata mwenye afro au vifundo, nywele hupenya chuma. Mwaka 2023 kulizinduliwa Open Source Afro Hair Library, hazina ya nywele za Kiafrika za pande tatu iliyoanzishwa na msanii na mhadhiri A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Mbunifu mwema hujaribu kila taji juu ya nywele za namna hiyo kabla ya kuliuza, na huandaa toleo lenye mduara mpana. Kilemba ni rafiki hapa, kwa kuwa kinazikusanya nywele zote ndani yake na kinaweza kujengwa kwa urefu wowote.

Mng'ao

Programu za leo hueleza nyenzo kwa maswali machache, na mawili ndiyo makuu: je, hii ni metali, na je, uso wake ni laini au wenye ukwaru? Shaba iliyong'arishwa ni metali laini, na nuru inayoirudisha huwa na rangi yake ya manjano. Mfupa si metali. Nuru inayorudi juu yake ni nyeupe, na kwenye kingo nyembamba nuru kidogo hupita ndani na kuupa joto la rangi ya krimu. Mfupa ukitengenezwa bila joto hilo huonekana plastiki. Kutu ya mabati haina mng'ao wa metali ingawa imezaliwa na metali, na mpaka wake na bati safi hufuata njia ya maji: huanza kwenye tundu la msumari na kuteremka. Anayetazama paa za Laini Saba baada ya mvua ana mfano bora kuliko picha zozote za kununua.

Picha za nyenzo kama hizi zinaweza kupigwa kwa simu. Siku ya mawingu ndiyo nzuri, kwa maana jua kali huacha vivuli ambavyo vitagoma kuondoka pale avata atakapogeuka. Lensi ielekezwe wima juu ya kitambaa, na ukingo mmoja wa picha uungwe na ule wa pili ili irudiwe bila mshono. Kitu kizima, kama bangili, kinaweza kupigwa picha kadhaa kutoka pande zote na programu ikalijenga umbo lake. Vitu vinavyong'aa huichanganya programu, na poda kidogo ya mtoto juu ya shaba humaliza tatizo.

Kazi na malipo

Kompyuta yenye nguvu ni ghali na umeme wa Kibera hukatika, hivyo kazi hupangwa kufuatana na hayo: kuchora na kukata patani mchana kwenye karatasi, kupiga picha kwa simu, na kuacha ujenzi wa wavu kwa saa za mashine. Taasisi ya Tunapanda, iliyoko Kibera, imekuwa ikiwafundisha vijana teknolojia na usanifu, na imejenga mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya eneo hilo.

Malipo huja kwa sarafu za ndani. Roblox hulipa Robux, na mbunifu huhitaji kufikisha kiwango fulani cha chini cha Robux alizozichuma mwenyewe ndipo azigeuze kuwa dola za Marekani. Second Life hutumia dola ya Linden, ambayo kwa muda mrefu imebadilishwa kwa zaidi ya 200 kwa dola moja ya Marekani. Tangu mwaka 2018 fedha zilizofika PayPal zinaweza kutolewa kwa M-Pesa. Bei ya kitu kimoja ni ndogo, lakini kitu chenyewe hakiishi dukani, na fundi hulipwa kwa kila nakala. Seti iliyofanywa kwa uangalifu inaweza kuuzwa kwa miaka.

Haki zinahitaji uangalifu uleule. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka jamii husika iridhie kabla ya urithi wake kutumiwa kibiashara. Mjadala huo si mpya. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara, ikapingwa, na ombi halikufaulu. Mnamo 2012 mistari na miraba ya shuka ya Kimaasai ilionekana katika mavazi ya Louis Vuitton, na Wamaasai wakazidi kudai sauti juu ya jina na alama zao. Mbunifu wa avata hana kinga kwa kuwa nguo yake ni ya kuwaziwa. Njia ya haki ni kuchukua mbinu na kuacha alama: kusuka, kutunga, kupaka nta na kukunja ni maarifa ya kujifunza kwa wenyewe na kuwataja katika maelezo ya bidhaa. Mapambo yenye maana ya rika, ndoa au jando yasiguswe bila idhini ya wenyewe.

Mwisho, faili za asili zitunzwe nje ya jukwaa, pamoja na patani za karatasi na picha za nyenzo. Ulimwengu pepe wa There ulifungwa Machi 2010, na aliyekuwa na nguo zake ndani ya jukwaa hilo tu hakuwa na cha kubeba. Wavu uliohifadhiwa katika muundo wa kawaida, kama ule wa FBX au glTF, unaweza kupimwa upya kwa mwili wa jukwaa jingine, kufungwa kwenye mifupa yake na kuuzwa tena.